Kompyuta imegoma kuwaka, unataka kupiga Windows 7 upya: maswali ninayoulizwa kila wiki

Ukurasa huu nimewaandikia watu wawili: mwenye kompyuta ya zamani iliyogoma kuwaka, na fundi anayeanza kazi ambaye kompyuta hiyo ameletewa mezani. Nazungumzia Windows 7 kwa sababu, kati ya zile zilizopitwa na wakati, ndiyo ninayoletewa zaidi. Ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009, Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, lakini hadi leo iko kwenye maduka ya stationeri, studio za kurekodi, karakana za darizi na ofisi za shule ambako kompyuta ilinunuliwa ikiwa imeshatumika Ulaya au Dubai na tangu hapo haijaguswa. Kama una haraka, ruka mengine yote, soma kwanza swali la kuokoa mafaili.

Fundi, kompyuta haiwaki. Windows imekufa?

Huenda ikawa, huenda isiwe. Watu husema "haiwaki" kwa matatizo yasiyo na undugu wowote. Ukibonyeza kitufe usione taa wala kusikia feni, Windows haihusiki hata kidogo. Angalia chaja, waya, pawa saplai, au soketi ya ukutani. Taa zikiwaka na feni ikazunguka lakini skrini ikabaki nyeusi tii, mimi huanza na ramu. Zima, chomoa umeme na betri, itoe ramu, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, pangusa, kisha irudishe mpaka uisikie imebana. Huku pwani hewa ya chumvi inayala meno hayo, na kompyuta nyingi nimezirudisha kwa wenyewe siku hiyo hiyo bila kuigusa Windows.

Windows inaanza kuhusika pale unapoiona nembo ya mtengenezaji, halafu mambo yakakwama: maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, skrini ya bluu, au nembo ya Windows inayopumua tu bila kufika popote.

Yale maandishi meupe yanasema nini?

Kabla hujayasoma, chomoa flashi na CD zote. Mara nyingi mtu alisahau flashi ya kuprintia imechomekwa, na kompyuta inajaribu kuwakia humo.

"BOOTMGR is missing" maana yake diski imeonekana, ila lile faili linaloianzisha Windows 7 halikukutwa mahali pake. Ukikuta "NTLDR is missing", mbele yako kuna Windows XP au ya kabla yake, wala si 7. Lakini "No bootable device" au "Operating System not found" ni habari nyingine: ama diski haionekani kabisa, ama BIOS (programu ndogo ya kwenye ubao inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) inatafuta kwingine. Ingia BIOS (F2 kwenye Dell, Acer na Toshiba nyingi, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkPad) uone kama jina la hadidiski limeandikwa. Kama halimo, usipoteze muda na DVD ya Windows. Fungua, kaza kebo, au jaribu diski hiyo kwenye kompyuta nyingine. Diski isiyoonekana haipigwi Windows.

Skrini ya bluu inakuja kama radi, kisha kompyuta inajizima na kujiwasha tena. Nitaisomaje?

Washa, na mara nembo ya mtengenezaji inapoondoka bonyeza F8 mfululizo. Menyu ikija, chagua "Disable automatic restart on system failure". Sasa skrini ya bluu itatulia uisome kwa nafasi. Ukiwa kwenye menyu hiyo hiyo, jaribu pia "Last Known Good Configuration", halafu "Safe Mode". Zote mbili hazifuti chochote, na zinaokoa kompyuta nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Namba ninayotaka uikariri ni 0x0000007B. Ukiiona hiyo, ujue Windows ilianza kupanda, halafu ikapotezana na diski ambayo yenyewe imekaa ndani yake.

Mwaka jana niliitwa kwa mama mmoja mwenye karakana ya darizi. Mashine yake inaongozwa na kompyuta ya mezani yenye Windows 7. Mafundi wawili walishapita, wote wakamwambia afomati. Programu ya darizi alikuja nayo aliyemuuzia mashine, CD hana, na michoro ya nembo za sare za shule anazoshonea imo humo humo. Niliingia BIOS nikakuta saa inasema Januari 2009. Hapo nikashusha pumzi. Ile betri ndogo ya mviringo kwenye ubao, CR2032, nilipoipima ilisoma volti 2.1, na inatakiwa iwe na 3. Ilipoisha nguvu, BIOS ilisahau kila kitu ikarudi kwenye mpangilio wa kiwandani, na diski iliyokuwa ikisomwa kwa mtindo wa kisasa wa AHCI ikaanza kusomwa kwa mtindo wa zamani wa IDE. Nikaweka betri mpya, nikarudisha AHCI, nikasahihisha tarehe, nikahifadhi kwa F10. Windows ikapanda kama haijawahi kuumwa, michoro yote ipo. Yule mama alivuta kigoda akakaa, akawa anaitazama skrini tu.

Kwa hiyo ukikutana na 7B, hasa ikiambatana na tarehe ya ajabu, badilisha mtindo wa diski ndani ya BIOS, AHCI iwe IDE au IDE iwe AHCI, uwashe. Isipokubali, unairudisha ilipokuwa. Hakuna kinachopotea.

Nina picha na kazi za miaka kumi humo ndani. Zitaokokaje kama Windows yenyewe haifunguki?

Natamani kila mteja aanze na swali hili. Windows unaipata tena wakati wowote, lakini picha za marehemu baba na daftari la madeni la duka huzipati popote.

Kwanza isikilize diski. Sogeza sikio. Ikigonga tak, tak, tak, au ikikwaruza, zima hapo hapo. Diski inayogonga inazidi kujiharibu kila dakika inayozunguka, na ukianza kuijaribu na amri za kukarabati unaimalizia. Kama kilichomo kina thamani, mpelekee mtu anayeokoa data kwa vifaa maalumu, na umwambie ukweli kuhusu yote uliyokwisha kuijaribu.

Diski ikiwa tulivu, kuna njia ninayoipenda kwa sababu haihitaji kifaa chochote zaidi ya flashi au diski ya nje ya kupokelea mafaili. Ichomeke kabla hujaanza. Washa kompyuta kwa DVD ya Windows 7, chagua "Repair your computer", au ufike huko huko kwa F8. Kwenye orodha ya zana fungua "Command Prompt", andika notepad, bonyeza Enter. Litafunguka lile dirisha la kuandikia tunalolijua wote. Nenda File, kisha Open, na pale chini palipoandikwa "Text Documents" weka "All Files". Dirisha hilo la kufungulia faili sasa limekuwa mlango wa kompyuta nzima: ingia kwenye Computer, tafuta folda ya Users, ndani yake folda yenye jina lako, bofya kulia, "Copy", kisha nenda kwenye flashi, bofya kulia, "Paste".

Mambo mawili huwatisha watu hapo. La kwanza, herufi za diski zinaweza kuwa zimehama. C yako unaweza kuikuta inaitwa D, kwa sababu ile patisheni (kipande cha diski) ndogo ya MB 100 ambayo Windows 7 huitengeneza yenyewe imechukua jina la C. Usiseme mafaili yamepotea kabla hujafungua kila herufi. La pili, ukishabandika, dirisha litaganda na hakuna mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi. Acha. Tazama taa ya flashi. Ikiwa inapepesa, mafaili yanahama. Mimi hunakili folda moja moja badala ya kubeba zote kwa mkupuo, ili kama moja ikigoma nijue ni ipi.

Ukiwa na flashi ya Linux Mint (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows) kazi ni nyepesi zaidi: unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, unafungua diski, unanakili huku ukiona asilimia. Njia ya tatu ni kuichomoa hadidiski na kuiunganisha kwenye kompyuta nzima kwa kebo ya SATA kwenda USB.

Usisahau sehemu ambazo watu huzikumbuka wakati tumeshafuta: Desktop, Downloads, barua pepe za Outlook, na programu za hesabu au za matokeo ya wanafunzi zinazoweka data ndani ya folda zao wenyewe kwenye C. Muulize mwenye kompyuta, "Kila asubuhi ukifika unafungua nini?" Jibu lake litakuonyesha cha kuokoa.

Inaweza kupona bila kupigwa upya?

Mara nyingi ndiyo, hasa kama ilizimika ghafla umeme ulipokatika. Kwenye zana zile zile za DVD ipo "Startup Repair". Iendeshe, iwashe kompyuta, na ikishindwa irudie hadi mara tatu, kwa sababu kila safari inaweza kurekebisha jambo moja tu. Ikigoma, ingia Command Prompt uandike amri hizi moja baada ya nyingine:

bootrec /fixmbr
bootrec /fixboot
bootrec /rebuildbcd

Ya mwisho itakuuliza kama uiongeze Windows iliyoiona, jibu Y. Hizi ndizo dawa za "BOOTMGR is missing" na zile namba zinazoanza na 0xc00000. Kisha, kama diski ni nzima na mafaili yameshaokolewa, andika chkdsk C: /r ukihakikisha herufi ndiyo yenyewe. Amri hiyo huchukua saa kadhaa kwenye diski kubwa, kwa hiyo iache usiku.

Kwa nini usiniwekee tu Windows 10 au 11?

Kama kompyuta yako inaiweza 11, nitakuwekea hiyo wala hatutabishana. Shida ni kwamba Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), ramu ya GB 4 kwenda juu, na prosesa za karibuni. Za Intel zinaanzia kizazi cha 8. Kompyuta ya mwaka 2011 haimo. Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukihama kutoka 7 kwenda 10 kwenye kompyuta yenye ramu ya GB 2, umenunua uzito bila kununua usalama wa kudumu.

Ushauri wangu hutegemea kazi ya kompyuta. Ni ya mtoto kusomea, kuandika barua na kuingia intaneti? Weka Linux Mint ya Xfce, iliyo nyepesi, na kama mfuko unaruhusu badilisha hadidiski iwe SSD, diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka. Utadhani umenunua nyingine. Lakini kama imefungwa na mashine ya darizi, printa kubwa ya zamani, kadi ya sauti ya studio, au programu ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena, Windows 7 ina haki ya kubaki, kwa sharti nitakalolieleza kwenye swali la intaneti.

Biti 32 au 64?

Ramu ikiwa chini ya GB 4, weka ya 32. Inaridhika na GB 1 na nafasi ya GB 16 kwenye diski. Ya 64 inataka angalau GB 2 na nafasi ya GB 20. Ukiweka ya 32 kwenye kompyuta yenye ramu ya GB 8, haitatumia zaidi ya 4. Ila kwa vifaa vya zamani sana, angalia kwanza draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) ni ya biti ngapi, maana draiva ya 32 haiingii kwenye 64.

Nakala ya Windows 7 naipata wapi, na leseni?

Anza na kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe. Laptopu nyingi za enzi hizo zilitoka kiwandani na patisheni ya siri yenye Windows yao, draiva zikiwemo. Kwenye HP jaribu F11 wakati wa kuwasha, Acer Alt na F10, ASUS F9, Toshiba shikilia 0. Kama patisheni hiyo ni nzima, umemaliza nusu ya kazi. Lakini nyingi ya njia hizo hufuta C, na nyingine hufuta diski nzima, kwa hiyo mafaili yawe yameshatoka.

Kama haipo, tumia DVD halisi ya Windows 7 yenye Service Pack 1, au faili la ISO (nakala kamili ya DVD ndani ya faili moja) lililotolewa kwenye DVD halisi. Nakala zinazosambazwa zikiwa "zimeshaaktivetiwa" siziweki kwenye kompyuta ya mtu. Aliyeivunja kufuli ya leseni amepata nafasi ya kuweka chochote alichotaka, na wewe utaandika neno la siri la barua pepe yako juu yake.

Namba ya leseni ina herufi na tarakimu 25 na iko kwenye stika: chini ya laptopu, ndani ya nafasi ya betri, au ubavuni mwa kompyuta ya mezani. Kama inafutika, ipige picha kwa simu leo hii. Ukiimulika kwa tochi kutoka pembeni, maandishi yaliyofifia huonekana vizuri. Stika pia inakwambia toleo: Starter, Home Basic, Home Premium, Professional au Ultimate. Namba ya Home Premium haifungui Professional. Bila namba, Windows 7 itakupa siku 30, kisha mandhari itakuwa nyeusi na ujumbe wa kukukumbusha hautakoma.

Flashi ya kupigia naitengenezaje?

Kwa flashi ya GB 8, faili la ISO, na programu ya bure iitwayo Rufus. Kwa kompyuta za zamani chagua MBR (mtindo wa zamani wa kupanga diski) na BIOS. Kama kompyuta unayoitengenezea nayo ni ya Windows 7, tumia Rufus 3.22, kwa kuwa kuanzia toleo la 4 haifanyi kazi humo. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa.

Kisha iwashe kompyuta mgonjwa ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia: F12 kwenye Dell, Lenovo, Acer na Toshiba, F9 kwenye HP, Esc kwenye laptopu za ASUS. Kwenye Acer nyingi F12 imezimwa. Iwezeshe kwanza ndani ya BIOS.

Inaniambia "A required CD/DVD drive device driver is missing". Mbona natumia flashi?

Ujumbe huu umewapotezea watu siku nzima wakitafuta draiva ya DVD isiyokuwepo. Windows 7 ilitoka kabla ya USB 3.0 kuenea na haina draiva yake. Iliwaka kutoka kwenye flashi kwa msaada wa BIOS, lakini iliposhika usukani yenyewe ikawa haiioni tena tundu ilipochomekwa. Angalia rangi: tundu la bluu ni USB 3.0. Chomeka flashi kwenye tundu jeusi, anza upya. Kibodi na kipanya vikifa mara tu usakinishaji unapoanza, sababu ni hiyo hiyo. Kama matundu yote ni ya bluu, tafuta ndani ya BIOS pa kuzimia USB 3.0, au tumia DVD.

Ukishahamisha na ujumbe ukabaki vile vile, basi ISO ilishuka vibaya au DVD imekwaruzika.

Nimefika pale pa kuchagua patisheni na mikono inatetemeka. Nibonyeze wapi?

Ni vizuri mikono itetemeke; hapo ndipo mafaili mengi ya watu yalipofia.

Umechagua "Custom", na mbele yako kuna orodha. Kwa kawaida utaona kitu kama "Disk 0 Partition 1: System Reserved" chenye MB 100, kisha "Partition 2", labda na "Partition 3". Herufi C na D hazionyeshwi, kwa hiyo lazima uzitambue kwa ukubwa. Hapa ndipo unapofaidi kama uliandika kabla kwamba C ina GB 150 na D ina GB 300. Hukuandika? Toka, rudi kwenye ule ujanja wa notepad, angalia, ndipo urudi.

Kama D ina kazi zako, usiiguse kwa lolote. Chagua ile iliyokuwa C. Una njia mbili. Ukibonyeza "Next" bila kufomati, Windows mpya itaikusanya ya zamani pamoja na mafaili yako ndani ya folda iitwayo Windows.old, na baadaye utayakuta kwenye Windows.old, ndani ya Users. Inahitaji nafasi ya kutosha, na programu za zamani hazitafunguka. Kwa mtu ambaye hakupata kuokoa mafaili, hii ndiyo njia. Ukibonyeza "Drive options" kisha "Format", C inakuwa tupu na Windows inaingia safi. Kwa kompyuta iliyokuwa na virusi mimi hufomati, baada ya kuhakikisha nakala za mafaili zinafunguka kwenye kompyuta nyingine. Kuziona majina tu hakutoshi. Fungua picha mbili tatu, fungua na hati moja.

"Delete" iache, isipokuwa diski ni mpya au umekusudia kuifuta yote.

Inakataa, inasema diski ni GPT.

Flashi imewaka kwa mtindo wa zamani wa BIOS, na diski imepangwa kwa mtindo mpya wa UEFI, mrithi wa BIOS. Kama ni Windows 7 ya biti 64, unaweza kutengeneza flashi ya UEFI, ukazima Secure Boot na kuwezesha CSM (inayoruhusu mambo ya BIOS ya zamani) ndani ya BIOS. Ya 32 haiwaki kwa UEFI. Njia nyingine ni kuibadilisha diski iwe MBR, na hiyo hufuta diski nzima, D ikiwemo: Shift na F10, andika diskpart, list disk, chagua diski kwa namba yake, clean, convert mbr. Kabla ya clean, chomoa diski zote za nje. Amri hiyo haikuulizi kama una uhakika.

Inarudia kuanza mwanzo kila inapojizima.

Ni kwa sababu inawaka tena kutoka kwenye DVD au flashi. Ikijizima mara ya kwanza, usibonyeze kitufe chochote inapokuambia "Press any key to boot from CD or DVD". Iache iwakie kwenye diski. Kazi yote ni kati ya dakika 20 na 40.

Imepanda, lakini maandishi ni makubwa, hakuna sauti, hakuna Wi-Fi.

Hazijaharibika, ni draiva hazijawekwa. Zipakue kwa simu au kompyuta nyingine kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukitumia namba ya modeli iliyo chini ya laptopu, kisha zihamishe kwa kebo. Anza na chipseti, ifuate ya mtandao, kisha picha, kisha sauti. Kifaa kisichojulikana kikibaki na alama ya njano kwenye Device Manager, fungua Properties, Details, Hardware Ids: utaona VEN na DEV zikifuatwa na namba. Tafuta kwa namba hizo. Zinataja kifaa hicho hasa. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa pamoja ziepuke, nyingi huleta takataka kuliko draiva.

Windows Update haileti chochote.

Windows 7 iliyotoka kwenye DVD haielewi sahihi za kidijitali za SHA-2, za kuthibitisha masasisho, ambazo Microsoft walihamia mwaka 2019. Pakua kutoka Microsoft Update Catalog na uweke kwa mpangilio huu: KB3020369, kisha KB3125574 ambayo ni fungu kubwa la masasisho yaliyokusanywa hadi 2016, halafu KB4490628, na KB4474419. Washa upya, ndipo uijaribu tena. Hakikisha tarehe ya kompyuta ni sahihi, la sivyo hata tovuti za kawaida zitakataa kufunguka. Panga bando la kutosha, na subira.

Naweza kuingia nayo intaneti?

Hili ndilo sharti nililolitaja. Mei 2017 WannaCry iliingia kwenye kompyuta dunia nzima ikifunga mafaili na kudai pesa, na nyingi mno zilikuwa Windows 7 ambazo hazikuwekewa sasisho la MS17-010, lililokuwa limetoka Machi mwaka huo huo. Sasisho lilikuwepo, watu hawakuliweka. Sasa fikiria tundu la usalama litakalogunduliwa leo, ambalo halitatolewa sasisho kabisa.

Kompyuta ya mashine ya darizi au ya printa haina haja ya intaneti. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, peleka kazi kwa flashi moja iliyotengwa kwa hilo tu. Flashi za wateja zipitishe kwanza kwenye kompyuta nyingine yenye antivairasi. Virusi vinavyogeuza mafolda kuwa shortcut bado vinazunguka mitaani. Ukilazimika kuingia, tumia Firefox 115 ESR, ambayo ndiyo familia ya mwisho ya Firefox inayokubali Windows 7. Chrome iliishia 109. Benki, kodi na malipo ya simu yafanyie kwingine. Hapa sina njia ya katikati ya kukupa.

Na Windows XP je?

Iliachwa tarehe 8 Aprili 2014 na sheria ya intaneti kwake ni kali zaidi. CD yake haina draiva za AHCI, kwa hiyo ukipata 0x0000007B mwanzoni mwa usakinishaji, weka IDE ndani ya BIOS.

Nifanyeje ili nisirudie haya yote mwakani?

Siku ile ile kazi inapokwisha, draiva zote zikiwa zimekaa na programu zako zinafunguka, nenda Control Panel, "Backup and Restore", kisha "Create a system image". Chomeka diski ya nje, ielekeze huko. Kisha kubali inapokuuliza kama utengeneze CD ya ukarabati. Siku diski ikifa, unaweka diski mpya isiyo ndogo kuliko ile, unawasha kwa CD hiyo, unarudisha nakala ile nzima, na kila kitu kinarudi kilivyokuwa siku hiyo, hadi mandhari ya skrini.

Nilimfanyia hivyo yule mama wa darizi kabla sijaondoka. Diski yake ya nje iko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati la nyuzi, imebandikwa karatasi yenye tarehe, na pembeni yake kuna betri moja ya CR2032 ya akiba.